Wembe wa Kumfaa Mwalimu Kulwa

Nimeacha kazi baada ya msimu wa pamba kwisha, mikono ikiwa bado mizima na macho yakiwa yameanza kuniaga. Vijana niliowaachia viti pale sokoni Bariadi wameniomba niandike yale niliyokuwa nikiwaambia kuhusu nyembe. Wanasema nilipokuwa nikiyasema, mashine zilikuwa zinapiga kelele na hawakusikia vizuri. Nawaamini nusu, lakini naandika.

Sitasema nilianza na kiti cha namna gani wala nilimaliza na viti vingapi. Mwenye kutaka hayo amuulize mwenye nyumba, maana yeye ndiye aliyekuwa akinifuatilia kwa kodi. Mimi nitasema habari za wembe, ule mwembamba wenye makali pande mbili, unaouzwa kila duka kuanzia hapa mpaka Lamadi, na ambao watu huununua bila kuufikiria mpaka siku ile unapowaumiza.

Nilitoka Nkololo nikiwa kijana aliyeshindwa kuchunga ng'ombe. Baba alisema macho yangu yanaangalia watu badala ya mifugo, na alisema kweli. Nilifika mjini juu ya trela la pamba, nikabaki. Mtu aliyenipokea ni Mzee Buluda, kinyozi aliyekuwa amefanya kazi Mwanza miaka mingi kisha akarudi kujenga kibanda cha mabati karibu na soko. Alikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mikono, kioo kilichopasuka pembeni, bakuli la bati, brashi ya ndevu na kishikio cha wembe cha shaba, kile cha zamani kinachoubana wembe katikati na kuacha makali yachungulie kidogo tu.

Siku ya kwanza sikugusa wembe. Wala ya pili. Nilipaka povu. Mzee Buluda alinipa brashi na kuniambia nipake ndevu za watu mpaka zilainike, na mteja akinung'unika kwamba nachelewa, nimwambie ni amri ya mwenye kibanda. Maji ya kunyolea yalikuwa na pipa lake, yalikuwa ya mvua kutoka kwenye bati. Ya kisima, yenye chumvi, yalikuwa ya kusafishia sakafu. Nilipomuuliza kwa nini tusitumie ya kisima, maana kiangazi kilikuwa kimeshika na pipa linapungua, alinipa kipande cha sabuni na kunitaka nitoe povu kwa maji ya kisima. Nilisugua mpaka mkono ukachoka. Povu lilitoka kama mate ya mtu mwenye kiu. Akaniambia kwamba wembe umelaumiwa sana duniani kwa makosa ya maji. Hilo nimelikuta kweli mpaka juzi. Kabla hujasema wembe huu ni mbaya, angalia povu lako kwanza.

Baada ya muda alinikalisha mimi kwenye kiti. Akaninyoa shavu la kulia kwa wembe mmoja, la kushoto kwa mwingine, wala hakunionyesha karatasi za nyembe hizo. Kisha akanituma sokoni kubeba magunia ya mchele ya jirani yake, jua kali, vumbi la pamba linaruka kutoka kwenye magari. Niliporudi alasiri nimeloa jasho, akaniuliza shavu lipi linanilalamikia.

"La kushoto," nikamwambia.

"Nani kakuambia?"

"Shavu lenyewe."

"Basi umeanza kazi," akasema, akarudi kwenye mteja wake.

Huo ndio ukawa msingi wake wote. Usimuulize mwenye duka, alikuwa akisema, muulize shavu, na usimuulize asubuhi, muulize jioni. Asubuhi kila wembe mpya ni rafiki. Ngozi inatoka laini, mteja anajipapasa, anafurahi. Ni jioni, jasho likishapita juu yake, ndipo unajua kama wembe ulikata ndevu au ulikwangua na ngozi.

Alinifundisha pia kusikiliza. Vijana, zimeni mashine siku moja msikilize. Wembe mzuri juu ya ndevu zilizolainika unasikika kama ng'ombe anayekula majani mabichi kwa mbali. Wembe mbaya unasikika kama anayekula mabua. Ukisikia mabua, simama. Usiongeze nguvu. Kinyozi anayeongeza nguvu anataka kumaliza upesi, na atamaliza upesi kweli, pamoja na wateja.

Na msiujaribu wembe kwa kidole gumba. Nimewaona. Kidole gumba kinajua kama kitu kinakata, hakijui kinakataje. Tena wembe mmoja ni nyembe mbili, kila upande una tabia yake. Nimewahi kupata wembe ambao upande mmoja uliteleza kama mafuta, na wa pili ulikuwa kama uliotengenezwa na mtu mwingine, siku nyingine, amekasirika. Kwa hiyo ukipima, pima pande zote mbili.

Mzee Buluda alipochoka alinipa kibanda na kile kishikio cha shaba, akarudi kwao Nkoma kulima. Tuliagana vizuri. Alikuwa akija mjini ananyolewa kwangu bila kusema neno, na kwake kutosema neno ilikuwa sifa kubwa.

Baadaye ukaja ugonjwa, ule ambao wakati huo watu hawakupenda kuutaja kwa jina. Mambo yakabadilika, na yalipaswa kubadilika. Zamani wembe ulisifiwa kwa kudumu. Mteja angesema huu umeninyoa mimi, baba na mjomba, na bado unakata. Sasa ikawa wembe mmoja mtu mmoja, unaufungua mbele ya macho yake, ukimaliza unautupa kwenye kopo lenye mdomo mwembamba na kopo likijaa linakwenda shimoni. Hapo kipimo kikageuka. Tukaacha kuusifu wembe kwa maisha marefu, tukaanza kuutazama unavyosalimia mara ya kwanza, kwa sababu hakuna mara ya pili. Kuna nyembe zilizokuwa na jina kubwa zikaanguka hapo. Zilikuwa kali sana mwanzoni, zinahitaji kupita kwenye uso mmoja au miwili ndipo zitulie. Nani angejitolea kuwa uso wa kwanza?

Kisha zikaja za bandia. Karatasi ile ile, rangi ile ile, chuma kingine. Hapo ndipo mke wangu Nkwimba akaingia kazini bila kuajiriwa. Niligundua kwamba nikiona karatasi ya wembe ninaoupenda, moyo wangu unaulegeza mkono wangu, nausifu kabla haujakata. Nikamwomba Nkwimba awe anazitoa kwenye karatasi zake na kuzifunga kwenye karatasi nyeupe, kila aina na uzi wake wa rangi, na asiniambie mpaka nimemaliza kuhukumu. Alikubali, ila alifurahia mno ile siku niliyousifu wembe niliokuwa nikiutukana mwaka mzima. Aliwasimulia mpaka mashemeji.

Kulikuwa na mnunuzi mmoja wa pamba aliyekuwa hanyolewi isipokuwa kwa wembe fulani wa kutoka nje, anakuja nao mfukoni. Siku moja akausahau. Nilimfunika uso kwa taulo la maji ya moto, nikamnyoa kwa wembe wa duka la jirani. Akajipapasa, akaniambia, unaona Masunga, kitu cha bei ni cha bei. Sikumsahihisha. Mteja aliyefurahi aachwe aende.

Haya yote nayasema ili mfahamu nilikuwa na nini mkononi alipokuja Doto.

Ilikuwa miaka ile ya hofu huku kwetu, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa kwa ajili ya ushirikina. Wengine walihamishwa, watoto wakapelekwa kwenye mabweni yenye walinzi. Sitaieleza zaidi. Wenye umri wangu wanaikumbuka, na wadogo wameisikia.

Doto alikuwa mkulima wa pamba wa Nkololo, mweusi wa kung'aa, mabega ya mtu anayelima kwa ng'ombe. Aliingia asubuhi, akanisalimia, "Mwangaluka, baba," nikamjibu, akakaa. Ndevu zake zilikuwa ngumu kama waya, zimejikunja. Wakati namnyoa alikuwa hajiangalii kwenye kioo. Alikuwa anaangalia sakafu, nywele zilipoangukia. Nilipomaliza akaniuliza nazipeleka wapi. Nikamwambia nazichoma nyuma, kwenye shimo. Akaomba kuliona shimo. Nikampeleka, akaliangalia muda mrefu, akarudi, akanunua soda mbili kwa jirani, akanipa moja. Nikajua huyu hakuja kunyolewa.

Akanieleza. Alikuwa na pacha wake, Kulwa, mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Nkololo. Kulwa alizaliwa na ualbino. Alikuwa amechumbia binti wa Sola, upande wa Maswa, jina lake Minza, fundi cherehani, na ndoa ilikuwa imetangazwa kanisani. Kulwa alitaka kunyolewa ndevu siku ya harusi yake kama bwana harusi mwingine yeyote. Lakini kwa miaka mingi uso wake haukuguswa na wembe. Mwenyewe macho yake hayaoni vizuri, kioo hakimsaidii. Doto alijaribu kumnyoa mara moja, akamkata, mama yao akamkataza asirudie. Na kinyozi wa mwisho waliyemwendea, kwenye mji mwingine, alimkwaruza kidogo shavuni, akapangusa damu kwa pamba, kisha akaitia ile pamba mfukoni mwa shati.

"Nilimwona," Doto akasema. "Labda hakuwa na nia mbaya. Labda alikosa tu mahali pa kuitupa. Lakini tulitoka mbio na nusu ya ndevu."

Nikaweka chupa ya soda chini. Kisha akauliza lile alilokuwa amelijia.

"Nikimleta ndugu yangu, nywele zake zitakwenda wapi?"

"Atakwenda nazo mwenyewe," nikamwambia. "Na wembe wake pia. Na wewe utasimama popote unapotaka kusimama."

Nilimwambia pia kwamba sitamnyoa kesho. Ngozi isiyo na kinga ya jua, iliyochomwa tangu utotoni, si ngozi ya kujaribia. Nilihitaji kuchagua wembe kwanza. Hapa niwaambie jambo ambalo vinyozi wengi hawalijui. Ukiwapa ngozi dhaifu, wanatafuta wembe butu, wakidhani butu ni upole. Butu si upole. Wembe butu unavuta ndevu, unakulazimisha kurudia, na kila ukirudia unachukua ngozi. Ngozi dhaifu inataka wembe mkali sana ambao makali yake ni laini, yaani hayana meno, pande zote mbili sawa, ili upite mara moja tu na uondoke. Kupata ukali ni rahisi, na ulaini pia. Kuvipata vyote kwenye wembe mmoja ndiyo kazi.

Nilikuwa na aina tatu nilizozifikiria, lakini ndevu zangu mwenyewe ni chache na ngozi yangu imezoea mateso. Nilipomweleza Doto hivyo, akasema bila kufikiri, "Nipime mimi. Ndevu zetu ni zile zile, mama anasema."

Akawa anakuja kila ndevu zilipoota. Nkwimba alifunga nyembe kwenye karatasi zake nyeupe, nyuzi nyekundu, nyeusi na njano. Shavu moja uzi huu, shavu jingine uzi ule, maji ya mvua, sabuni ile ile, kishikio cha shaba, mkono mmoja. Kisha Doto anarudi shambani. Ulikuwa wakati wa palizi, na jasho la palizi ni hakimu asiyepokea rushwa. Alikuwa akirudi ananieleza kwa uangalifu ambao sikuwahi kuupata kwa mteja mwingine. Hapa palichoma nilipoinama. Hapa hapakuchoma mpaka nilipooga. Hapa nilisahau kama nimenyolewa. Alikuwa anaeleza shavu lake kana kwamba ni la mtu mwingine, na kweli lilikuwa la mtu mwingine.

Uzi mwekundu ulikata kuliko zote, nami ningeuchagua kama ningeusikiliza mkono wangu tu. Lakini jioni shavu liliwaka. Mweusi ulikuwa mpole kwa upande mmoja na mkorofi kwa upande wa pili. Wa njano ulikata kidogo chini ya mwekundu, lakini ulikata sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na Doto alirudi mara zote akisema alisahau. Nikamwambia Nkwimba afunue jina. Ulikuwa wembe wa karatasi ya rangi ya maziwa ambao mwenye duka aliuweka rafu ya chini kwa sababu hakuna aliyeuulizia. Nikapima pakiti nyingine ya aina ile kwenye uso wangu, kwa sababu nyembe za jina moja ni ndugu, na ndugu hutofautiana. Ikawa sawa. Ndipo nikasema mlete.

Mwalimu Kulwa aliingia amevaa kofia pana na shati la mikono mirefu, miwani minene, ndevu za rangi ya asali nyepesi. Akanishika mkono kwa heshima, "Shikamoo, baba," sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele na kutandika shuka jipya chini ya kiti. Doto akasimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kunipumulia shingoni. Sikumsogeza.

Nilimlainisha ndevu kwa muda mrefu kuliko mteja yeyote. Nikafungua wembe mbele yake, nikaubana. Nikaanza shavu la kulia, nikifuata ndevu zinakoelekea, hatua fupi, bila kukandamiza. Majani mabichi. Kulwa alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu anayesafiri barabara mbaya, kisha vidole vikaanza kulegea. Akauliza nimeanza lini. Nikamwambia shavu moja limekwisha. Akacheka, na Doto nyuma yangu akashusha pumzi.

Upande wa kushoto, chini ya sikio, pale taya linapojikunja, wembe ulibadilisha sauti. Nikasimama. Nikapapasa kwa kidole kupitia povu. Kulikuwa na kitu kigumu chenye gamba, kipana kama kifuniko cha soda, kimefichwa na ndevu. Nilifuta povu nikatazama. Nimeona vipele vya kila aina maishani mwangu, na hiki hakikuwa kipele cha ndevu. Nikamuuliza kina muda gani.

Akasema ni cha siku nyingi, ni ukosi wa shati unaomkwaruza, hupona kisha hurudi.

Mimi si daktari na sikujifanya. Lakini kidonda kinachopona na kurudi mahali pale pale, kwenye ngozi kama ile, kinahitaji mtu aliyesomea. Nikamwambia hivyo. Nikanyoa sehemu iliyobaki yote, na pale nikapazunguka, nikaacha kishungi cha ndevu juu yake. Kulwa alipojipapasa akakikuta.

"Umesahau hapa, baba."

"Sijasahau. Hapo sipitishi wembe mpaka daktari apaone."

"Harusi ni mwezi ujao."

"Naijua."

"Nikienda hospitali wataniambia nisubiri, wataniambia niende Mwanza. Watu wa Sola watasema bwana harusi mgonjwa." Alikuwa haongei kwa hasira. Alikuwa ananisomesha, kama anavyomsomesha mtoto anayekataa jibu sahihi. "Nyoa tu. Baada ya harusi nitakwenda."

"Mwalimu, nikipanyoa patakuwa safi, hakuna atakayepaona tena, hata wewe. Sipanyoi."

Doto ndiye aliyekasirika. Aliniambia wamekuja kwangu kutafuta kinyozi, hawakuja kutafuta mtu wa kumtia ndugu yake hofu, kwamba hofu wanayo ya kutosha nyumbani. Nilimwacha aseme. Aliinama akalikunja lile shuka pamoja na nywele zote, akachukua wembe kwenye karatasi, wakatoka. Nkwimba aliyekuwa nyuma ya pazia akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nao. Mkono uliokwishapita juu ya nyuso nyingi unajua pale unapokuta kitu kisicho cha uso.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Minza mwenyewe. Jumapili Kulwa alikwenda Sola kuwaona wakwe, uso umenyolewa vizuri, na kile kishungi kimesimama peke yake chini ya sikio. Wajomba wakacheka kidogo kwa adabu. Minza akamwita pembeni akamuuliza kinyozi wake alikuwa na nini. Kulwa akajibu kwamba ni mzee, amechoka, amepitiwa. Minza ni fundi wa nguo. Aliangalia shavu lote lilivyo, mstari wa kidevu ulivyo, kisha akaangalia pale.

"Huyu hajapitiwa," akamwambia. "Mtu anayenyoa hivi haachi kitu bila sababu. Kuna nini hapo chini?"

Akapapasa mwenyewe, na akampeleka hospitali ya Bariadi kesho yake, akiwa ameshika mkono wake kama anayempeleka mtoto kliniki. Bariadi wakampeleka Mwanza. Mwanza wakakata kipande, wakapima, na jibu likawa saratani ya ngozi, lile ambalo Kulwa aliogopa kulisikia. Lakini ilikuwa haijazama. Waliitoa yote, wakamshona, wakamfundisha mafuta ya kujipaka na kumwambia arudi kila baada ya miezi kadhaa.

Harusi ikasogezwa. Wajomba wa Sola wakaanza kunong'ona, mmoja akasema wazi kwamba binti atafute mahali pengine mapema. Minza akawajibu mbele ya baba yake kwamba yeye anamsubiri mtu, hasubiri tarehe. Baba yake, mkulima asiyependa maneno mengi, akawaambia mmesikia, akaomba chakula kiletwe.

Doto alikuja kwangu kabla ya Kulwa kurudi kutoka Mwanza. Aliingia, akakaa kwenye kiti, akafunga macho. Nikamnyoa. Alipoinuka akasema, "Wabeja, baba," asante kwa Kisukuma, akarudi shambani.

Kovu jipya ni darasa jingine, nalo niwaambie kwa kifupi. Daktari alisema lini wembe unaruhusiwa, nami nikasubiri mpaka aliposema. Juu ya kovu hapaoti ndevu, lakini pembezoni zinaota zikielekea kila upande, kama mpunga uliopigwa na upepo. Ngozi pale haihisi vizuri, kwa hiyo mteja hatakuambia unamuumiza. Shavu haliwezi kuulizwa. Hapo unategemea sikio tu na wembe unaoujua tabia. Nilitumia ule ule wa rafu ya chini. Nilipita mara moja, sikurudia, na palipobaki ndevu mbili tatu niliziacha ziwe mashahidi.

Siku ya harusi niliombwa niende Nkololo nikawanyoe nyumbani kwao, wote wawili, maana Doto ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwana harusi. Niliweka kiti uani mapema, kivulini mwa ukuta, kabla jua halijapanda. Nilimnyoa Kulwa, kisha Doto, kila mmoja na wembe wake kutoka pakiti moja. Niliwapaka mafuta. Wakavaa suti zao za kijivu alizozishona Minza, na wakasimama wakisubiri gari la kanisani.

Mama yao akatoka ndani. Alikuwa mzee sana, na macho yake yalikuwa yameshapofuka, anaongozwa na mjukuu wa kike. Akauliza wanawe wako wapi. Wakasogea. Akanyoosha mikono yote miwili, mmoja ukafika shavuni kwa Kulwa, mwingine shavuni kwa Doto, akawapapasa taratibu kuanzia chini ya macho mpaka kidevuni. Kwenye kovu vidole vikasimama kidogo, vikaendelea. Kisha akarudia, kama anayetaka kuhakikisha.

"Watu walikuwa wakiniambia hamfanani," akasema. "Mbona mmefanana?"

Kulwa akacheka. Doto akageuka akatazama ukuta, na gari lilipofika tulimsubiri kwanza amalize kujifuta macho.